Mwaka Nilioomba Salalah

Kosa langu la kwanza katika urubani nililifanya kabla sijaingia kazini. Shirika lilinipigia simu likanambia kuna darasa la marubani wapya linaanza, je, niko tayari? Mtu mwenye akili zake angesema yuko tayari hata kama yumo bafuni na sabuni kichwani. Mimi nikaomba nisogezwe darasa linalofuata, nipate muda wa kurudia vitabu. Sehemu kubwa ya nadharia nilikuwa nimejisomea mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kwa picha kubwa ya chumba cha marubani niliyoibandika ukutani, nikakaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki nikibonyeza vitufe vya karatasi. Na mtu aliyejisomea mwenyewe huwa na hofu moja isiyomtoka: kwamba siku moja ataulizwa jambo ambalo kila mtu analijua isipokuwa yeye. Walinikubalia kwa upole kabisa. Hakuna aliyenambia kwamba katika kazi hii ukubwa hauhesabiwi kwa umri wala kwa maksi, bali kwa siku uliyoingia. Kila rubani ana namba yake, na namba hiyo ndiyo inayoamua nani apumzike siku ya Idi, nani apate ratiba nzuri, nani awe kapteni kwanza, na nani achague kituo cha kufanyia kazi. Darasa zima nililolikimbia likawa mbele yangu, na hakuna mtihani wa kulipita.

Ijumaa iliyopita tulikuwa Qantab, nje kidogo ya Muscat, kundi letu la zamani, tumetandika mikeka ufukweni kumuaga Kapteni Athman, ambaye umri wa kurusha ndege umemfikia mwisho. Khalfan alikuwa anageuza changu juu ya makaa, jasho linamtiririka, na kila aliyemkaribia kumsaidia alifukuzwa. Athman kakaa katikati na kanzu yake na kofia ya viua aliyoletewa kutoka kwao Mombasa, anakula ndimu kama mtu anayekula chungwa. Akamwita binti yangu mkubwa, akamuuliza, "Babako ashakwambia jinsi ulivyoninyima pilau ya nikaha?" Mtoto akanitazama, mimi nikatazama bahari, Khalfan akacheka mpaka samaki mmoja akamwangukia mchangani. Nilimwahidi binti yangu kwamba nitamwandikia. Mengine mama yake keshamwambia, lakini yeye huwa ananichekea, na mimi nataka kueleza upande wangu, ambao kwa bahati mbaya pia unachekesha.

Mwaka ule tulikuwa tunaishi Hamriya, wanaume watatu katika fleti ya vyumba viwili juu ya duka la dobi. Wote watatu kituo chetu cha kazi kilikuwa Muscat, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nyumba Muscat. Athman mkewe na watoto walikuwa Mombasa. Khalfan alikuwa mtu wa Sur. Si mbali kwa gari, lakini rubani wa chini hukaa zamu za kungoja, simu mkononi, akiitwa awe uwanjani upesi, na kutoka Sur hawezi. Mimi mke wangu, Zuweina, alikuwa mwalimu Salalah, kule kusini kabisa, na tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tuoane. Kwa hiyo tulikuwa watu wa kusafiri kwenda kusafiri: unapanda ndege kama abiria ili ufike mahali pa kurusha ndege. Na tiketi ya mfanyakazi si tiketi ya kumtambia mtu. Unasubiri mpaka abiria wote waingie. Kikibaki kiti, ni chako. Kisipobaki, unarudi na begi lako ukijifanya ulikuja kuaga mtu. Njia ya mwisho ni kile kiti cha ziada chumbani mwa marubani, nyuma ya migongo yao, na hicho nacho hupewa mwenye namba kubwa kuliko wenzake wanaongoja.

Naikumbuka fleti ile kwa harufu kwanza. Mvuke wa pasi za dobi ulipanda ngazi asubuhi, ukakutana jikoni na kitunguu cha Athman, ambaye alikuwa hawezi kunywa chai bila kukaanga kitu. Chumba kikubwa kilikuwa chake, kwa haki ya namba. Chumba kidogo tulikuwa mimi na Khalfan, vitanda viwili na ile picha yangu ya ukutani niliyohamia nayo, ambayo Khalfan aliifanya pa kutundikia taulo. "Umezima injini ya kulia," nilimwambia siku moja, na sikuwa natania. Akalitoa taulo, akaitazama picha, akalitundika upande wa pili. "Haya, sasa tumezima zote mbili. Tuteremke tukale." Khalfan alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Alikuwa amejibu ile simu ya shirika kwa neno moja, ndiyo, hajafungua hata kitabu, na kwa hiyo alikuwa mkubwa wangu. Aliniita "mdogo wangu" mbele za watu, na akinituma maji ya kunywa nilikwenda, kwanza kwa hasira, baadaye kwa mazoea, mwishowe kwa mapenzi.

Mazungumzo ya fleti ile yalikuwa ya jambo moja tu, nalo ni vituo. Shirika lilikuwa na kituo kikubwa Muscat na kidogo Salalah, na mara moja kwa mwaka marubani huomba wanakotaka kuwa. Waliyazungumza mambo hayo kama wazee wanavyozungumza posa. Khalfan alikuwa na hoja yake: Salalah marubani ni wachache, orodha ni fupi, mtu anapanda upesi. "Wakiondoka wawili tu, wallahi, mimi kapteni."

"Na wasipoondoka?" Athman aliuliza, anachambua mchele. "Utakaa wawaombea dua wapate vibarua kwingine?"

"Nitakuwa mkubwa pale, Kapteni. Hapa nna watu mia mbele yangu."

"Mkubwa wa wapi? Nyumba iko Sur, kazi iko Salalah, wewe mwenyewe uko angani wauliza kama kuna kiti. Sikiza, yakhe. Kituo ni kama nyumba ya kupanga. Usiangalie rangi ya ukuta. Uliza maji yatoka?" Yeye, kwa namba yake ya juu, angeweza kuomba chochote. Aliomba safari zake zote zibanane mwanzoni mwa mwezi, akazirusha mfululizo, kisha akaenda Mombasa akakaa huko kama mtu asiye na kazi. "Ukongwe si wa kuendea mbali," alikuwa akisema. "Ni wa kurudia nyumbani." Mimi nilisikiliza, nikafikiri upande wangu: afadhali kuwa wa mwisho mahali ulipo mkeo, au wa katikati mahali asipokuwepo? Nikiwa Salalah ningeitwa kila zamu mbovu, lakini ningengoja simu sebuleni kwangu, si Hamriya nikitazama taulo la Khalfan.

Kisha Zuweina akashika mimba, na hesabu yangu yote ikawa na jambo moja ndani yake. Mtoto angezaliwa katikati ya msimu wa kharifu, pale Salalah inapoingia manyunyu na ukungu, milima ikageuka kijani, na watu wa Ghuba nzima wakakimbia joto lao kuja kuitazama mvua. Ndege hujaa mpaka mlangoni. Mfanyakazi asiye na namba hapati kiti siku nenda siku rudi. Nilijiona niko Muscat nimekwama, mwanangu kazaliwa, na mtu mwingine anamwadhinia sikioni. Hilo ndilo lililoniumiza. Sikuwa nataka mengi: nilitaka sauti ya kwanza kulitaja jina la Mungu katika sikio la mtoto wangu iwe yangu. Nikaanza kufanya mazoezi ya adhana bafuni, kwa sauti ya chini, na Khalfan akabisha mlango akauliza kama nimefungua msikiti.

Sikumwambia kwamba Zuweina ni mjamzito. Nilidhani kumwambia mtu shida yangu wakati anaweza kunizuilia njia ni kumwomba anihurumie, na mimi niliyejifundisha kila kitu peke yangu nilikuwa sijui kuomba. Mwaka ule kilitangazwa kiti kimoja tu cha rubani msaidizi Salalah. Fleti yetu ilikuwa na ada yake: Ijumaa ya mwisho kabla ya maombi kufungwa, tunakula sinia moja baada ya sala, na kila mtu anatamka anachoomba, mkubwa kwanza, ili asije mtu akashangazwa na mwenzake. Athman alipika biriani. Akakata nyama, akasema, "Muscat, mpaka wanitoe." Khalfan akachukua paja, akasema, "Salalah." Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na tonge mkononi lenye zabibu kavu mbili. Naziona mpaka leo. Nikasema, "Muscat. Kama kawaida." Athman akanitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akanisogezea mbatata.

Baada ya kula nilikwenda kujilaza. Ukuta ulikuwa mwembamba, na wao wawili walikuwa jikoni wanaosha sinia.

"Yule mkewe yuko wapi?" Athman aliuliza.

"Salalah. Si unajua."

"Na ana nini?"

Maji yakafungwa. "Ala! Mjamzito?"

"Babu wee, kijana aadhini bafuni wiki nzima, wewe wafikiri ajifunza uimbaji?"

"Sasa mbona hakusema? Kakaa pale na sinia mbele yake, 'Muscat, kama kawaida,' kama mfalme! Mimi Salalah naitakia cheo tu, cheo kitakuja hata hapa. Angesema neno moja..."

"Hatasema. Mpe tu."

"Simpi," Khalfan alisema. "Nitaomba Muscat kwa sababu nimependa biriani hii. Kama kiti kitabaki, kitabaki. Akiwa mjinga hata hapo hakiombi, shauri yake."

Nilifunika uso kwa mto, nikacheka na kulia pamoja. Kisha nikainuka, nikafungua kompyuta, nikaomba Salalah, nikaiangalia ile fomu mara nyingi kama nimeandika jina langu sawasawa. Majibu yalipotoka nilikuwa nimepata. Khalfan akajifanya ameshtuka. Mimi nikajifanya sikusikia kitu. Athman akatukaangia mayai.

Nilitaka iwe zawadi, kwa hiyo Zuweina nilimwambia siku majibu yalipotoka, si kabla. Nilimpigia simu nikasimama dirishani, chini dobi anapiga pasi kanzu nyeupe moja baada ya nyingine. "Nimepata kituo Salalah," nikasema. "Kuanzia mwezi wa sita. Nitakuwapo."

Nikasikia sauti ambayo nilidhani ni kilio, nikaanza kumtuliza, kumbe anacheka, anacheka mpaka anakohoa. "Nassor," akasema, "mimi skuli zikifungwa nakuja Muscat."

"Kufanya nini? Na joto lote lile?"

"Kuzaa, baba! Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama yangu, na arobaini nakaa kwa mama yangu. Kwani wewe ulifikiri nani atanikanda? Wewe?"

Mama yake, Bi Ruzuna, alikuwa akikaa Mabela, karibu na uwanja wa ndege. Kutoka fleti yetu ya Hamriya ningekwenda kwa teksi. Niseme nini? Sikuwa na dada, mambo haya niliyasikia kwa mbali tu, na nilikuwa nimejaza kichwa changu misimu ya utalii na orodha za namba mpaka nikasahau kwamba mwalimu ana likizo na binti ana mama. Watu wote wanakimbia Muscat kwenda Salalah wakati ule; haikunipitia kwamba mtu mmoja, wangu mimi, angekwenda kinyume chao. Nilirudi jikoni nikawaeleza wenzangu. Khalfan aliketi sakafuni. "Nimetoa Salalah," alisema akishika tumbo, "nimeitoa sadaka, na mke kahamia Mabela!" Athman hakucheka. Aliuliza kwa upole, "Hukumwuliza?" Na hilo liliniingia kuliko kicheko.

Basi nikahamia Salalah, na Zuweina akahamia Muscat, na nyumba yetu nzuri pale nikabaki nayo peke yangu na manyunyu. Nisiseme uongo: ulikuwa msimu wa raha. Nilirusha ndege zilizojaa watoto waliobandika pua madirishani kutazama mawingu. Jioni nilinunua madafu na mishkaki njiani, nikatembea kwenye ukungu, nikamweleza Zuweina kwa simu rangi ya milima, na yeye akanieleza joto la Mabela, jinsi mama yake anavyomlisha supu kama anayenenepesha ng'ombe wa Idi. Kila siku ya mapumziko nilikwenda uwanjani na begi. Mara nyingi nilirudi nalo.

Siku ilipofika, Bi Ruzuna alipiga simu asubuhi. "Mwanangu, yameanza. Njoo ukiweza." Nilifika uwanjani na viatu visivyolingana, kila kimoja na rangi yake. Ndege ya kwanza ilikuwa imejaa. Kikabaki kiti cha ziada, na mbele ya mlango, na kahawa yake mkononi, alikuwa amekaa Kapteni Athman. Walikuwa wamemwazima Salalah wiki ile kwa ajili ya msimu. Kazi yake ilikuwa imekwisha, shirika lilikuwa limemwekea kiti cha uhakika siku ya pili, lakini alitaka kuondoka mapema aunganishe ndege ya kwao, kwa sababu mpwa wake alikuwa anaolewa Mombasa. Namba yake na yangu, ni kama mlima na kifusi.

"Nassor," akasema. "Kwema?"

"Kwema, Kapteni." Nikaketi kando yake. Nikaangalia viatu vyangu. Alikuwa anajua. Uso wangu ulikuwa umeandikwa, na Khalfan alikuwa amewaambia watu wote duniani. Lakini alikunywa kahawa yake tu, na mfanyakazi wa langoni akaja na orodha akasema, "Kapteni Athman, kiti ni chako."

Athman hakuinuka. "Kuna mtu ataka kusema jambo," akamwambia yule kijana. Kisha akanigeukia. "Sema."

"Kapteni, unajua..."

"Sijui kitu. Mimi rubani, si malaika. Sema."

Nimekwishaulizwa maswali ya injini kuungua, mabawa kushika barafu, na wakaguzi wenye nyuso za mawe, na yote niliyajibu upesi kuliko hilo. "Mke wangu anajifungua," nikasema. "Nakuomba kiti chako."

"Sikusikii."

"Nakuomba kiti chako!" Familia nzima ya watalii ikageuka.

"Ahaa," akasema Athman, akanipa kadi yake ya kupandia ndege kama anayenipa leso. "Sasa waona? Namba ni yangu. Yangu naweza kumpa mtu. Lakini siwezi kumpa asiyeomba. Nenda. Na ukifika, uwapigie wa kwetu simu, uwaambie ni wewe ulonikosesha pilau."

Nilikaa nyuma ya migongo ya wenzangu njia nzima, nikitazama ukungu ukikatika na jangwa likitokea chini, jeupe, limenyooka, na nikawaomba marubani wasichelewe, wakasema hawajawahi kuona abiria msumbufu kama mimi. Mabela niliingia mbio, nimelowa jasho, nimejiandaa kwa kilio. Nikamkuta Zuweina sebuleni, kakaa mkao wa kula, mbele yake sahani ya bokoboko. "Umevaa nini miguuni?" aliuliza.

"Mama kasema yameanza!"

"Ndo kwanza yameanza," alisema Bi Ruzuna kutoka jikoni. "Ya kwanza huchukua muda. Kaa ule, mwanangu, umekonda kama ufagio." Nikakaa. Nikala. Tukaenda hospitali baadaye kwa adabu zote, na mtoto akazaliwa asubuhi ya siku ya pili, wakati ambao ndege ya Athman, ile ya kiti cha uhakika, ilikuwa inatua, na mimi ningeweza kuja nayo katika kiti hicho nikawahi adhana, yeye akala pilau yake. Hilo Athman sijamwambia mpaka leo, atalisoma hapa.

Wakanipa mtoto amefungwa kama andazi. Nikainama kwenye sikio lake la kulia. Yale mazoezi yote ya bafuni yakanitoka. Nikaanza juu mno, sauti ikakatika, nikavuta pumzi, nikaogopa nimeharibu. Bi Ruzuna akaniwekea mkono mgongoni. "Taratibu," akasema. "Haendi popote huyu." Nikaanza tena, chini, polepole, mpaka mwisho. Mtoto akafungua jicho moja.

Sasa mimi ni kapteni. Tangu mwaka ule nimehama kituo mara moja tu, kurudi Muscat, na ombi lile tulilijaza wawili, mimi na Zuweina, mezani, baada ya kubishana wiki nzima. Bado nina wasiwasi, na bado nafika uwanjani mapema kupita kiasi. Lakini nauliza kabla ya kuamua, na nikitaka kitu kwa mtu, namwambia.